Mkunga Aliyehesabu Madirisha

Mkunga hakupenda kuitwa mama na watu ambao hakuwazaa. Hospitalini walimwita Sista, lakini sisi tuliopanga naye ploti moja kule Port Reitz tulimwita Mkunga, na hilo ndilo jina aliloliitikia. Nilikaa naye mlango kwa mlango miaka kumi na minane. Wanangu wote wawili walipitia mikononi mwake. Kwa yule wa kwanza alinizaba kofi la paja kwa kuwa nilikuwa nikibana miguu, akaniambia kama nilitaka kuogopa ningeogopa miezi tisa nyuma. Nilimchukia wiki mbili. Wiki ya tatu mtoto alikataa kunyonya, na Mkunga, aliyekuwa ametoka zamu asubuhi hiyo hiyo, akaja kukaa nami kutwa bila kula wala kujinyoosha, mpaka mtoto akashika ziwa. Chuki yangu ikaishia hapo.

Mdomo wake ulijulikana kuanzia Changamwe hadi Miritini. Wanawake waliomtukana wakiwa leba walirudi miaka miwili baadaye kuuliza yuko zamu ipi, ili wapange safari yao. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Aliyelia sana alimwambia anyamaze asikize mwili wake, na aliyenyamaza sana alimwambia alie. Kanisani aliimba sauti ya pili na hakukosa Jumapili, ila mahubiri yakizidi nusu saa alitoa uzi na sindano akaanza kushona vifungo.

Mtu kama huyo, ungedhani, hana nafasi ya upuzi. Basi mimi nilikaa ploti ile karibu mwaka mzima kabla sijaingia chumbani kwake na kukuta masanduku mawili ya bati chini ya kitanda, yamejaa vitabu vya katuni. Vilikuwa vya Kizungu, vya wale mashujaa wenye vinyago na mabuti. Vimepangwa kwa miaka, kila kimoja ndani ya mfuko wa nailoni, wa aina ile ile aliyohifadhia nguo za watoto wachanga.

Aliniambia bila haya kwamba daktari mmoja mgeni, aliyefanya kazi hapo zamani, aliacha maboksi kadhaa ya vitabu hivyo katika chumba cha chai alipohama, na yeye alikuwa akivisoma zamu ikitulia. Vingi alivitupa. Alivyobaki navyo ni vya shujaa mmoja tu. Huyo alikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo Mkunga hakulitumia hata siku moja. Alimwita Bwana Zamu.

Bwana Zamu wake hakuwa mtu wa kutisha. Kazi yake ya kila siku ilikuwa ufundi wa lifti. Alikuwa na nguvu za kubeba vitu vizito, basi. Hakuruka angani, hakutoa moto machoni. Jengo likiungua au likibomoka alifika, akaingia, akatoa watu, na hakuondoka mpaka amehesabu. Mkunga alinionyesha ukurasa mmoja ambapo watu wote walikuwa nje wakimpigia makofi, naye amesimama mlangoni, ameinua kidole, midomo inahesabu. Kisha anageuka kurudi ndani. Amekosa mmoja.

"Huyu wangempa kazi leba," Mkunga aliniambia.

Bwana Zamu alikuwa na mke. Mke huyo alikufa katika matoleo ya mwanzo kabisa, lifti ilipokatika kamba, na siku hiyo Bwana Zamu alikuwa upande wa pili wa mji akiokoa wengine. Tangu hapo hakupanda lifti tena. Alizitengeneza, alizijaribu kwa magunia ya mchanga, lakini yeye mwenyewe alipanda ngazi. Katika kila hadithi, hata iwe ya haraka namna gani, kilikuwepo kisanduku kimoja cha picha kinachomwonyesha akipanda ngazi peke yake, bila neno lolote. Mkunga alikuwa akikitafuta kisanduku hicho kwanza kabla ya kusoma. Akishakiona alirudi ukurasa wa mwanzo, akajikunja vizuri kwenye mkeka wa barazani na kikombe chake cha chai ya tangawizi, na hapo usimsemeshe.

Mimi ndiye niliyekuja kuwa mletaji wake. Kazi yangu ilikuwa, na bado ni, kusafisha ndege zinapotua, kabla hazijapakia abiria wengine. Mnaingia watu sita, mnapewa dakika chache, kila mtu na safu zake. Watalii huacha kila kitu kwenye mifuko ya viti: soksi, meno bandia, biskuti, magazeti. Msimamizi wetu alikuwa amesema kitu cha thamani kipelekwe ofisini na karatasi ziende taka. Nilimwuliza kuhusu vitabu vya katuni akasema karatasi ni karatasi. Basi nikawa navikusanya. Mara nyingi havikuwa vya Bwana Zamu, na Mkunga alivipitisha macho akavitoa vifungiwe mboga. Lakini mara mbili tatu kwa mwaka nilimpata, na siku hiyo nilitembea kutoka uwanjani kama niliyebeba mshahara.

Mchungaji alipata kukiona kimoja mezani alipokuja kumtembelea Mkunga, aliyekuwa na homa. Akamwuliza kwa upole kama mambo yale yanamfaa mzee wa kanisa. Mkunga akamjibu kwamba anasoma habari za mtu asiyetoka nyumba inayoungua mpaka wa mwisho atoke kwanza. Mchungaji alidhani anazungumza kwa mafumbo ya injili, akafurahi, na Jumapili iliyofuata akaitumia mimbarani. Mkunga alishona vifungo vitatu.

Na si kwamba ilikuwa karatasi tu. Jumapili moja mchana, nyumba za mabati nyuma ya ploti yetu zilishika moto. Watu walikuwa wakikimbia na magodoro na televisheni, wengine wakimwaga maji pasipo na moto. Mkunga alitoka na kanga yake ya kanisani, akasimama penye mfereji, akaanza kuita mlango mmoja mmoja. Mlango wa kwanza, wangapi? Wako wapi? Wa pili? Aliwajua wote kwa sababu nusu yao aliwazalisha. Alipofika mlango wa sita hakuna aliyejibu. Fundi viatu wa mlango ule, mlemavu wa mguu, hakuwa nje. Vijana walivunja ukuta wa nyuma wakamvuta akiwa amelewa moshi, hana habari. Watu walimshukuru Mkunga akasema alifundishwa na Bwana Zamu. Kwa muda mrefu pale mtaani watu waliamini kwamba Bwana Zamu ni muuguzi fulani mkubwa wa zamani, na mzee mmoja aliapa wallahi aliwahi kutibiwa naye.

Sijui mabadiliko yalianza lini hasa. Matoleo niliyomletea hayakuwa na mfuatano, kwa hiyo sisi tulikuwa kama watu wanaopata habari za ndugu aliye mbali kupitia wapita njia. Kwanza Bwana Zamu aliota misuli ya shingo. Kisha akaanza kuruka. Mkunga hakulipenda hilo, akasema mtu anayeruka hana haja ya ngazi, lakini kisanduku cha ngazi kilikuwa bado kipo, akaendelea kusoma. Kisha hadithi zikawa haziishi. Ulisoma hadi ukurasa wa mwisho ukaambiwa kilichobaki kimo katika vitabu vya mashujaa wengine sita. Kisha mashujaa wakaanza kupigana wao kwa wao.

Hilo lilimuumiza. Nakumbuka alivyoketi barazani na toleo moja ambalo nusu yake ilikuwa ni vita tu, Bwana Zamu na shujaa mwenzake wakitupiana maghorofa. Mji mzima ulikuwa umelala chini. Mkunga alikuwa akipitisha kidole juu ya jengo moja lililokatika katikati, dirisha kwa dirisha, akihesabu. Alihesabu mpaka akachoka. Akaniuliza waliokuwa mle ndani wameenda wapi. Nikamwambia labda wametolewa mapema. Akafungua ukurasa uliofuata, na unaofuata huo, akinionyesha. Hakukuwa na mtu hata mmoja. Hakukuwa na mzee anayeshushwa, wala aliyefunikwa kanga. Bwana Zamu alikuwa amesimama juu ya kifusi akimnyooshea mwenzake kidole, akihutubia.

"Hajahesabu," Mkunga alisema. "Hata hakuangalia chini."

Wakati huo alikuwapo hospitalini daktari mwanafunzi kutoka Nairobi, kijana mchangamfu aliyempenda sana Mkunga na aliyekuja kunywa chai kwetu mara kwa mara. Alizijua hadithi hizo kupitia sinema. Akajaribu kumfariji. Akamweleza kwamba yule aliyebomoa mji si Bwana Zamu wake, ni Bwana Zamu wa ulimwengu mwingine, kwa maana siku hizi zipo dunia nyingi na katika kila moja yumo mmoja, na akifa huyu anatolewa yule.

"Usistress, Mama," alisema. "Wako yuko poa tu. Yuko dunia yake."

Mkunga alimwuliza, katika hizo dunia nyingine, mama akifia leba huwa anatolewa nani. Kijana akacheka, kisha akaona kwamba Mkunga hacheki, akashika kikombe chake kwa mikono miwili.

Mkunga alikuwa na binti mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliyeolewa bara. Sijamtaja mpaka sasa kwa sababu Mkunga mwenyewe hakumtajataja. Alimpenda kimya kimya, kwa kumtumia nazi na samaki wakavu kwa kila gari lililokwenda upande ule. Binti alipopata mimba, Mkunga alimwandikia orodha ya maswali ya kuuliza kliniki, kurasa mbili kamili. Mpango ulikuwa aje kujifungulia kwetu, mwezi wa mwisho. Uchungu ulimshika wiki nne kabla ya siku zake, hajasafiri bado.

Alijifungua salama, mtoto wa kike. Halafu damu haikukatika. Walimtafutia gari la kumpeleka hospitali kubwa, likachelewa, na hakuna wa kulaumiwa ila umbali. Simu ilipopigwa Mkunga alikuwa leba, mikono yake imeshika kichwa cha mtoto wa mtu mwingine. Muuguzi mwenzake aliipokea akasimama nayo mlangoni. Mkunga alimwona. Alimaliza. Alitoa kondo la nyuma, akalikagua kama ilivyotakiwa, akamfunika yule mama, akaandika saa. Kisha akavua glavu, akasema, "Niambie sasa."

Tulimzika binti huko bara, mtoto akabaki kwa babake na nyanya mzaa baba. Baada ya wiki mbili Mkunga alirudi kazini. Watu walisema ana moyo mgumu. Mimi niliyelala ukuta mmoja naye nilijua anavyoishi. Akitoka zamu hakupika. Alitoa masanduku yale ya bati, akachagua matoleo ya zamani, akakaa kwenye mkeka na kufungua moja baada ya jingine. Hakuwa akisoma. Alitafuta kile kisanduku cha ngazi, akakitazama, akafunga, akachukua kingine. Niliona hivyo karibu kila siku kwa miezi. Sikumwuliza. Nilielewa kiasi cha mtu asiyefiwa kuelewa: kwamba kulikuwa na mtu mwingine mmoja duniani aliyekuwa kazini siku mtu wake alipokufa, na ambaye hakupona, na ambaye aliendelea kwenda kazini.

Ndipo mimi nikafanya kosa langu. Mwezi wa Desemba, watalii wakiwa wengi, nilimpata Bwana Zamu kwenye kiti cha dirishani, toleo jipya kabisa, karatasi bado inanukia. Kwenye jalada alikuwepo na mwanamke. Nilimtambua yule mwanamke kwa nywele na kwa koti lake la kijani, kwa maana Mkunga alikuwa amenionyesha mara nyingi. Alikuwa mkewe, mzima, anacheka. Nilifurahi, naapa. Nilidhani nampelekea habari njema. Sikukifungua hata kidogo, nilitaka akione yeye wa kwanza.

Alikipokea akiwa amesimama barazani, na sare yake bado mwilini. Aliangalia jalada kwa muda. Akafungua katikati, akitafuta. Akarudi nyuma. Akaenda mbele. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti changu nachambua mchele, nikingojea uso wake ufunguke.

"Amepanda lifti," alisema.

Nilisimama nikaenda kuangalia. Ukurasa wa mwisho walikuwa ndani ya lifti wote wawili, Bwana Zamu ameweka mkono begani mwa mkewe, wanatazamana, na mke ametoa neno la mzaha kuhusu jinsi alivyochelewa kumfuata. Yote yalikuwa yameelezwa katika visanduku viwili: mashine fulani, dunia fulani nyingine, na mke ametoka bila hata alama.

"Miaka yote hiyo," Mkunga alisema. "Kumbe walikuwa wanaweza."

Nikamwambia ni hadithi tu, Mkunga, ni watu wanataka kuuza. Akaniambia anajua. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida. Akakifunga kitabu, akanirudishia mkononi kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, akaingia ndani kubadilisha sare. Sikumwona tena akifungua masanduku yale.

Wengi walisema miaka yake ya mwisho kazini ndiyo iliyokuwa mizuri. Aliacha kuzaba watu mapaja. Aliacha kufokea wanawake leba. Aliongea polepole, akawaitikia, akawaachia walie au wanyamaze wapendavyo. Wauguzi wadogo wakasema msiba umemlainisha, kwamba Mulungu humfinyanga mtu kwa njia zake. Mwanamke mmoja wa ploti yetu aliyezalishwa naye wakati huo alimsifu mbele yangu, kwamba Sista ni mpole kama mtu wa mochari, na hakujua alichokisema. Mimi nilikumbuka kofi langu. Lilikuwa la mtu anayeamini kwamba nikifungua miguu mambo yatakwenda sawa.

Muda wake wa kustaafu ulipofika walimkatia keki na kumpa saa ya ukutani. Akauza kitanda, akahamia Mwakirunge alikokuwa na kiwanja alichokinunua zamani pamoja na binti yake, nyumba ya vyumba viwili karibu na njia ya machimbo. Masanduku alikwenda nayo. Nilidhani hiyo ni dalili njema.

Nilikwenda kumwona mwaka jana, Jumamosi mchana. Malori ya mawe yalikuwa yakipita na vumbi limekaa juu ya kila kitu, juu ya migomba, juu ya kamba ya nguo, na upepo ukigeuka ulileta harufu ya jalala. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wa jikoni, anachambua mchicha. Alikuwa amekonda. Nikamwamkia shikamoo, akasema marahaba mwanangu, akanisogezea kigoda kingine kwa mguu.

Tulizungumza habari za wanangu, za ploti, za nani amehama. Alinipa chai, haikuwa na tangawizi. Niliuliza kuhusu masanduku akasema mchwa wameingia moja, la kushoto. Nikasema ningeweza kulitoa nje tukalianika, tukaokoa vinavyookoka. Akasema niache, tayari wamekwisha kula.

Akachambua kidogo. Kisha, bila kuinua macho, akauliza, "Bado wanamtoa?"

Nikajua anamsema nani. Nikamwambia bado wanamtoa, ingawa watalii wa siku hizi wanasoma kwenye simu na navipata kwa nadra.

"Na mke?"

Nilitamani nisingejua. Lakini nilikuwa nimelipata toleo moja mwezi uliotangulia, na hilo nilikuwa nimelisoma mwenyewe, nimesimama kwenye njia ya katikati ya ndege, wenzangu wakiniita. Nikamwambia amekufa tena. Ameuawa na shujaa mwenzake, katika vita vyao.

Mkono wake ulisimama juu ya majani.

"Na yeye alikaa naye?"

Katika kitabu kile Bwana Zamu alimfunika mkewe kwa joho, katika kisanduku kimoja kidogo chini ya ukurasa. Ukurasa uliofuata alikuwa angani na wengine, ngumi mbele, anasema neno la kuchekesha. Niliyakumbuka yote. Nikamtazama Mkunga, mikono yake ile, kucha zimekatwa fupi kama bado yuko kazini.

"Alikaa naye," nikasema. "Kurasa tatu nzima. Aliketi chini pale pale na hakwenda popote. Walimwita akakataa."

Lori likapita, tukangoja kelele iishe. Mkunga aliinua uso akanitazama, si kwa hasira, alinitazama jinsi alivyokuwa akitazama kipimo.

"Kurasa tatu," alisema. "Hawawezi hao."

Akainamia mchicha wake. Baadaye kidogo akaniambia nimalize chai, kwa sababu magari ya kwenda Kisauni saa hizo hujaa upesi.